Shajara ya mradi: kuzima NLRP3 kwa siRNA kwenye seli za kinga, maabara ndogo Kisumu

Naandika hii kwa yule mwanafunzi atakayekuja kufanya kazi kama hii huku kwetu, ili asilipe tena kile nimeshalipa mimi. Nitaongeza kila hatua ikiisha. Zile hatua za kawaida nitazipitia haraka, makosa ndio nitayaeleza kwa kirefu. Bei zote ni shilingi za Kenya na ni zile nilizolipa mimi.

14 Januari 2025: Swali na chombo

Swali langu ni la nyumbani. Huku Nyanza kila boma limewahi kukesha na mtoto mwenye malaria, na ile homa kali haitoki kwa kimelea peke yake, mwili wenyewe ndio unapiga kengele. Kimelea kikiwa ndani ya chembe nyekundu kinakula hemoglobini, kinabaki na hemu ambayo ni sumu kwake, basi kinaigandisha iwe fuwele za kahawia zinazoitwa hemozoini. Chembe ikipasuka fuwele zinamwagika, makrofaji (seli za kinga zinazomeza uchafu na wadudu) zinazimeza, na ndani ya makrofaji kuna protini inaitwa NLRP3. Ikishtuliwa inajikusanya na wenzake kuwa mtambo unaoitwa inflamasomu, mtambo unaamsha enzaimu ya kaspesi-1, na kaspesi-1 inaikata protini ya IL-1β ndio iweze kufanya kazi nje ya seli na kuleta homa. Kwamba hemozoini inaamsha NLRP3 ilionyeshwa mwaka 2009 na makundi zaidi ya moja, kwa hivyo sidai kugundua kitu kipya. Nataka jaribio hilo lisimame hapa Kisumu, kwa mikono yetu, tuweze kulitumia kwa maswali yetu wenyewe.

Chombo ni siRNA. Ni kipande kifupi cha RNA ya nyuzi mbili, herufi 21 hivi kila uzi, na herufi mbili zinaning'inia kila mwisho. Ndani ya seli uzi mmoja unabebwa na protini inaitwa Ago2, unatafuta mRNA (nakala ya jeni ambayo seli inaisoma kutengeneza protini) inayolingana nao, Ago2 inaikata mkabala na herufi ya 10 na ya 11 za huo uzi, mRNA inaoza na protini haitengenezwi tena. Jeni yenyewe haijaguswa. Ni kumziba mtu mdomo siku kadhaa, si kumkata ulimi.

Fire na Mello walionyesha mwaka 1998 kwa mnyoo kwamba RNA ya nyuzi mbili inazima jeni, wakapata Nobel 2006. Kwa seli za mamalia ilikuwa shida, RNA ndefu ya nyuzi mbili ikiingia seli inadhani ni virusi, inamwaga interferoni (protini za kupigana na virusi) na kufunga kazi zote. Mwaka 2001 kikundi cha Tuschl kikaonyesha vile vipande vifupi vya herufi 21 vinapita chini ya ulinzi. Hilo neno "vinapita" nililiamini mno, na utaona chini vile lilinifanya.

Tena seli ninayoitaka ndiyo ngumu kuliko zote. Dawa ya kwanza ya siRNA, patisiran, ilipitishwa Marekani 2018, na zilizofuata karibu zote zinaenda ini kwa sababu seli za ini zina mlango unaojulikana, ukiifunga siRNA kwenye sukari ya GalNAc inavutwa ndani. Makrofaji haina mlango kama huo, na ni askari: unamtumia mlinzi kitu kinachofanana na mwizi halafu unategemea akae kimya.

Nilichoagiza: siRNA mbili za NLRP3, nitaziita A na B, elfu 41 kila moja. Ya GAPDH, jeni iliyo kwenye kila seli, ya kuangalia kama kazi inafanyika, elfu 36. Isiyo na shabaha yoyote, ya kulinganishia, hii nilitafuta mahali pa bei rahisi nikaipata elfu 28. Lipidi, yaani mafuta ya kuingizia siRNA ndani ya seli, elfu 72. ELISA, vipimo vya kuhesabu protini, za TNF na IL-1β ambazo ni saitokini (protini za kengele za kinga), elfu 81 kila kiti, yaani seti ya vipimo. Siramu ya ndama ya kulishia seli, elfu 58. PMA, ya kugeuza seli kuwa makrofaji, na nigerisini, ya kuishtua NLRP3, pamoja elfu 33. Jumla elfu 471, nusu ni pesa ya msimamizi wangu na nusu ni msaada mdogo wa utafiti.

6 Februari: Mzigo umefika, lipidi imeharibika

Mzigo ulilala Nairobi siku tatu, barafu kavu ikaisha, ikabidi nilipe elfu 14 na mia tano kuongezewa barafu na kuletewa Kisumu usiku. siRNA zilikuwa sawa, zikiwa zimekaushwa zinavumilia joto la kawaida hata wiki mbili. Shida ilitokea hapa hapa. Boksi lilifika nikiwa sipo, stoo wakaona limeandikwa RNA wakaweka kila kitu kwenye friza ya −20, pamoja na lipidi. Lipidi hizi zinakaa kwa frija, nyuzi 4, hazigandishwi, vile vitufe vidogo vya mafuta vikiganda vinashikana na havirudi vile vilikuwa. Elfu 72 nyingine. Sasa nabandika karatasi ya Kiswahili juu ya kila boksi: HII NI FRIJA SI FRIZA, na napiga simu stoo siku moja kabla mzigo haujafika.

27 Februari: Seli ziko hai

THP-1, seli za monositi (seli za damu zinazoweza kugeuka makrofaji) zilizotoka kwa mtoto wa mwaka mmoja mwenye saratani ya damu huko Japani, tulipewa na maabara rafiki. Midia, yaani maji ya kulishia seli, ni RPMI 1640 na siramu asilimia 10, zisizidi milioni moja kwa mililita, zikizidi zinabadilika tabia. Nilizipima mikoplazma (bakteria wadogo sana wanaochafua seli) kwa PCR (kipimo kinachozidisha DNA mara mbili kila mzunguko) kabla ya kitu kingine chochote, ziko safi. Usiruke hiyo hatua kwa kazi ya inflamesheni, mikoplazma haina ukuta kwa hivyo penisilini haiioni, na protini zake za mafuta zinaamsha TLR2, kipokezi cha seli kinachonusa bakteria, kila saa, utapima saitokini za mikoplazma ukidhani ni zako.

siRNA: zungusha kichupa kwa sentrifyuji kabla ya kufungua, vumbi lenyewe halionekani na linaweza kuruka na kifuniko. Nanomoli 5 ndani ya mikrolita 250 za bafa isiyo na RNase (enzaimu inayokata RNA) inakupa mikromola 20. Kwa kisima (kitundu kimoja cha sahani ya kukuzia seli) cha mikrolita 500 kwa nanomola 25 ungehitaji mikrolita 0.6 tu, na pipeti yetu ndogo kwa 0.6 inadanganya, nimeipima kwa mizani. Nikapunguza makali hadi mikromola 2 na sasa naweka 6.25. Hii ndogo ndogo ndio ilitoa ule mtawanyiko kati ya visima ambao ulinisumbua majaribio mawili ya kwanza.

Kitu kingine, midia yetu huwa na rangi ya waridi kidogo, dalili kwamba asidi imepungua, hata inkubeta ikisema CO2 ni asilimia 5. Kisumu iko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo asilimia 5 ya hapa ni gesi kidogo kuliko asilimia 5 ya Mombasa. Nilipiga hesabu, tofauti ni kama 0.06 ya pH, seli hazijali. Naiandika kwa sababu nilipoteza wiki nzima nikiilaumu.

19 Machi: TNF inatoka bila kuitwa

Kabla ya siRNA nilitaka kujua tu kama seli zinaitika. Nikazigeuza kuwa makrofaji kwa PMA, nikaweka LPS, kipande cha ukuta wa bakteria, kwa visima nusu, nusu nyingine nikawapa bafa ya PBS tupu (maji ya chumvi). Visima vya LPS vilitoa TNF pikogramu 2,400 kwa mililita, nikafurahi. Visima vya PBS vilitoa 1,300.

Nikarudia, 1,250. Nikabadilisha siramu, nikabadilisha plastiki, nikapunguza PMA, ikashuka kidogo tu. Ndio niliposaidiwa na mama mmoja mtu mzima anayeshughulikia vyombo maabarani, ambaye miaka ya nyuma alifanya kazi mahali walikuwa wakitengeneza maji ya dripu. Akaniuliza, "Mwanangu, hii PBS umetumia maji gani?" Nikamwambia, "Mama, ni maji ya distila ya hapa, nimeyaweka otoklevu nyuzi 121 dakika 15." Akatikisa kichwa. "Umewaua, lakini maiti umeziacha ndani. Sisi mgonjwa alikuwa anatetemeka kwa dripu safi kabisa, hakuna mdudu hata mmoja."

Maiti ndiyo LPS yenyewe, ile endotoksini ya ukuta wa bakteria, na haiondoki kwa otoklevu. Bakteria walikuwa wanakua kwenye tangi la distila na kwenye mpira wake, tunawapika, halafu tunawapa seli ambazo kazi yao hapa duniani ni kunusa huyo bakteria. Kuhakikisha niliomba polimiksini B kwa majirani wa maikrobiolojia, inashika LPS na kuizuia. Mikrogramu 10 kwa mililita kwenye visima vya PBS, TNF ikaanguka kutoka 1,300 hadi 190. Kesi ikaisha.

11 Aprili: Dawa ya maji

Mambo mawili. Vyombo vya kioo sasa vinaokwa kavu kwa nyuzi 250 kwa dakika 30, joto kavu la hivyo linaunguza endotoksini. Na maji: nilienda kemisti moja mjini nikanunua maji ya sindano, vile vichupa vya mililita 10, shilingi 30 kila kimoja, nikachukua 120. Maji ya sindano yanatakiwa yasizidi yuniti 0.25 za endotoksini kwa mililita, kiwango hicho ni bora kuliko chochote tulichonacho. Muuzaji akaniuliza kama nafungua hospitali. Elfu 3 na mia sita, na visima vya PBS vikashuka hadi TNF 85. Katika mradi huu wote hiyo ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko nyingine yoyote.

8 Mei: siRNA ya kwanza, na NLRP3 iliyopanda mara tano

Seli 250,000 kwa kisima, PMA nanogramu 100 masaa 48, halafu lipidi na siRNA, masaa 24, halafu kutoa RNA na kupima kwa PCR.

Majibu ya kwanza yalinichanganya sana. Kwenye visima vya siRNA ya GAPDH, NLRP3 ilionekana imepanda mara 5. Nikakaa nayo siku mbili, nikaanza hata kusoma kama GAPDH ina uhusiano na inflamasomu, mpaka msimamizi wangu akanipigia akauliza swali moja: "Umegawanya kwa jeni gani?" Nikasema GAPDH, Daktari, kama kila mtu. Akanyamaza, na mimi nikasikia nilichosema.

Nilikuwa nimeizima GAPDH halafu nikaitumia kama mizani. Ilikuwa imeshuka asilimia 80, yaani mizunguko 2.3 ya PCR, na ukigawanya kitu kisichobadilika kwa mizani iliyoshuka hivyo utapata mara tano ya uwongo. Tena GAPDH si mizani nzuri kwa makrofaji hata usipoizima, kwa sababu makrofaji ikipewa LPS inaongeza kazi ya kuchoma sukari na GAPDH ni enzaimu ya kazi hiyo hiyo. Niliagiza praima (vipande vya DNA vya kuanzishia PCR) za HPRT1 na RPLP0, jeni za kuwa mizani badala ya GAPDH, na nikaongeza za IFIT1, hii nitaeleza, zote elfu 9. Nikapima upya RNA ile ile: NLRP3 kwenye siRNA ya GAPDH haijasogea, kwenye A imebaki asilimia 31. Yaani transfeksheni, kule kuingiza siRNA ndani ya seli, ilikuwa inafanya kazi tangu mwanzo.

3 Juni: Matokeo mazuri niliyolazimika kuyatupa

Hii ndiyo sehemu nawaomba msome polepole.

Nilifanya jaribio kamili. Ishara ya kwanza, ya kuziandaa seli, LPS nanogramu 100 masaa 4, ishara ya pili, ya kuishtua NLRP3, nigerisini mikromola 10 saa moja, IL-1β ikapimwa kwa midia. Isiyo na shabaha: 1,900. siRNA A: 620. Imepungua asilimia 67, hata nilishaanza kuchora grafu ya semina. Kitu kilichonizuia ni visima viwili nilivyokuwa nimeweka pembeni karibu kwa bahati, seli zilizopata LPS na nigerisini bila kuguswa na lipidi wala siRNA. Hivyo vilitoa 980.

Sasa fikiria. Kama siRNA isiyo na shabaha haifanyi kitu, basi visima vyake vinatakiwa vifanane na visima ambavyo havijaguswa. Vilikuwa karibu mara mbili. Kwa hivyo A haijashusha kutoka 1,900, ile 1,900 yenyewe imepandishwa na kitu.

Nikavitenganisha. Lipidi tupu bila siRNA na bila nigerisini, LPS peke yake: 310, na seli zisizoguswa ni 40. Kwa hivyo lipidi yenyewe inagonga kengele, na si kengele ya jirani, ni ile ile NLRP3 ninayoisoma. Mafuta haya yana chaji chanya, yanaingia kwenye vifuko vya kumeng'enyea vya makrofaji yanavitoboa, na NLRP3 inashtuka vifuko vikitoboka, hata fuwele za hemozoini inasemekana zinapita njia hiyo. Nilikuwa nasikiliza mlango kwa kuugonga.

Halafu IFIT1. Hii ni jeni ambayo interferoni inaiwasha haraka sana, kwa hivyo inakwambia kama seli imehisi virusi. Lipidi tupu: mara 2. siRNA A: mara 2. Isiyo na shabaha: mara 14. Mara kumi na nne! Nikarudi kwenye karatasi za oda. A na B zina herufi zilizobadilishwa kwa methili, kwenye oksijeni ya pale namba 2 ya sukari, na mabadiliko hayo yanaifanya RNA isitambuliwe na vipokezi vya ndani kama TLR7 na TLR8. Ile ya elfu 28 ya bei rahisi ni RNA tupu, haijabadilishwa chochote. Kwa hivyo kontroli yangu ilikuwa inawasha moto na siRNA yangu haiwashi, halafu mimi nasema siRNA yangu imezima moto. Niliokoa elfu 11 na nikakaribia kusimama mbele ya watu na uwongo ambao sikujua ni uwongo.

Na haikuwa siri. Mwaka 2005 tayari ilichapishwa kwamba siRNA fulani zinaamsha kinga kufuatana na mpangilio wa herufi zake. Mwaka 2008 ikaonyeshwa kwenye macho ya panya kwamba siRNA zilizotengenezwa kuzima VEGF (protini inayokuza mishipa ya damu) na kipokezi chake, wakati dawa za aina hiyo zilishaanza kujaribiwa kwa wagonjwa, zilikuwa zinazuia mishipa ya damu kwa kugusa kipokezi cha TLR3 tu, hata siRNA isiyo na shabaha ilifanya vile vile. Nilikuwa nimezisoma zote mbili. Nilizisoma kama historia ya watu wengine.

2 Julai: Kutuliza seli

Isiyo na shabaha mpya, yenye methili kama za A na B, kutoka mahali pale pale: elfu 39. Ikija nikabadilisha na haya:

PMA nimeishusha hadi nanogramu 20 kwa masaa 24, halafu masaa 24 ya kupumzika bila PMA. Nanogramu 100 zilikuwa zinajaza seli IL-1β changa, ile isiyokatwa bado, kabla sijaanza.

Lipidi nusu, kutoka mikrolita 1.5 hadi 0.75 kwa kisima, na baada ya masaa 5 namwaga naweka midia mpya. Nilijaribu 0.4 pia, seli zilitulia kabisa lakini NLRP3 ilibaki asilimia 70, haina maana.

Baada ya hapo masaa 48 ya kupumzika kabla ya LPS, ambayo inasaidia mara mbili, seli zinasahau lipidi na protini ya NLRP3 iliyokuwepo inapata muda wa kuisha. Kuzima mRNA hakuondoi protini iliyoshatengenezwa, hii watu wengi tunaisahau.

Sasa: zisizoguswa 980, isiyo na shabaha 1,040, A 430. IFIT1 kwa zote iko chini ya mara 2. Punguzo ni asilimia 59, ndogo kuliko ile 67 ya mwanzo, na hii naweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Kuanzia leo sheria yangu ni kwamba isiyo na shabaha isipofanana na zisizoguswa, sahani nzima inatupwa, sisomi hata namba za A.

5 Agosti: B ni nzuri kupita kiasi

siRNA mbili za jeni moja zinatakiwa kusema kitu kimoja. B ilishusha IL-1β hadi 240, yaani asilimia 77, bora kuliko A. Lakini PCR ilisema NLRP3 kwenye B imepungua asilimia 45 tu. Imezima kidogo na imefanya mengi, hapo nikashtuka. Nikapima TNF kwa midia hiyo hiyo. TNF haihitaji inflamasomu, LPS inaiwasha kwa njia yake, kwa hivyo mtu akizima NLRP3 peke yake TNF isiguswe. Isiyo na shabaha 2,300, A 2,150, B 1,050. Idadi ya seli hai sawa kote, kwa hivyo si kwamba zinakufa.

B inagonga kitu kingine. Herufi ya 2 hadi ya 8 za uzi wa siRNA zikifanana na mkia wa mRNA nyingine zinaweza kuinyamazisha pia, kama vile mikroRNA (RNA fupi za seli yenyewe) inavyofanya, na herufi saba ni chache, mikia inayofanana ni mingi. Kitu gani hasa B inagonga sijakitafuta na sitakitafuta, kiko pengine kwenye njia ya TLR4, kipokezi cha LPS, lakini hiyo ni kazi ya mtu mwingine. Nimeiweka B kando na kuagiza C, elfu 41. Kama ningekuwa nimenunua B peke yake, na ningepima IL-1β peke yake, ningeandika tasnifu nzima juu yake.

Jaribio la kurudia liliharibika tarehe 30 Julai, stima ilipotea masaa sita na dizeli ya jenereta ilikuwa imeisha. Sahani tatu na ELISA nusu zimeenda hivyo, kiti nyingine ya IL-1β elfu 81. Sasa mtungi wa dizeli wa lita 20 unakaa maabarani na jina langu juu, na kabla ya kuanza masaa 48 ya mapumziko naenda kuuangalia kwa macho.

23 Septemba: Hemozoini

C imekubaliana na A. NLRP3 imebaki asilimia 36, IL-1β 470 dhidi ya 1,060, TNF haijasogea. Sasa ndio nikafika pale nilitaka kufika Januari.

Hemozoini ya kutengeneza, yaani beta-hematini, nimepika mwenyewe: hemini kwenye sodiamu haidroksaidi, asidi ya siki hadi pH 4.8, joto usiku kucha, halafu kuosha na kuosha. Maji yote ni ya kemisti, vyombo vyote vimeokwa. Fuwele zinashuka chini haraka, usipozitikisa kwa mashine ya mawimbi ya sauti kabla ya kila kisima, kisima cha kwanza kinapata maji na cha mwisho kinapata mchanga. Jaribio langu la kwanza liliharibika hivyo hivyo.

Mikrogramu 100 kwa mililita, baada ya LPS masaa 3, kuvuna baada ya masaa 6. Wastani wa siku tatu tofauti: isiyo na shabaha 410, A 235, C 250. Punguzo asilimia 43 na 39. Isiyo na shabaha na zisizoguswa zimefanana siku zote tatu, na polimiksini B haikubadilisha kitu kwenye fuwele zenyewe, kwa hivyo sisomi endotoksini iliyojificha.

Nilimpelekea yule mama wa vyombo karatasi ya namba. Aliangalia safu ya PBS kwanza, akasema "hapo sasa."

14 Oktoba: Hesabu na kinachofuata

Jumla 731,100. Kati yake 471,000 ni oda ya kwanza, na 260,100 ni barafu na usafiri, lipidi ya pili, maji, praima, isiyo na shabaha mpya, C, na ELISA ya kurudia. Anayeanza leo akifuata Julai kwenda mbele anaweza kukata lipidi moja, siRNA moja ya bei rahisi, na ELISA moja ikiwa stima itamhurumia, hiyo ni elfu 181.

Punguzo la hemozoini ni dogo kuliko la nigerisini na sijui bado ni kwa nini, inaweza kuwa ni ile theluthi ya NLRP3 iliyobaki inatosha kwa fuwele, inaweza kuwa fuwele zina njia nyingine. Njia ya kuyatenganisha ni MCC950, dawa inayoshika NLRP3 yenyewe bila kupitia RNA wala lipidi. Ikishusha IL-1β ya fuwele hadi chini kabisa, basi shida ni siRNA zangu hazizimi vya kutosha. Nimeomba miligramu 5, stoo wameshapigiwa, na karatasi ya FRIZA iko mezani inangoja boksi.

Kwenye −20 nimebaki na mikrolita 140 za A na 190 za C, za mikromola 20. Mtu wa Kisumu, Maseno, Kakamega ama Eldoret anayetaka kujaribu aje na barafu yake, kila mmoja nitampa mikrolita 10 za A, 10 za C na 10 za isiyo na shabaha ile yenye methili. Ile ya elfu 28 nimeitupa.